Moshi na Arusha: daktari anayekusikiliza kweli unamjuaje?

#1 Mama Mtamba (Moshi)

Wakuu, heshima kwenu. Miaka yote humu mimi ni msomaji wa kimyakimya, leo nashusha uzi kwa sababu nimechoka kurudia maneno yale yale kila nikikutana na mtu sokoni Mbuyuni. Kila mtu anataka jina la daktari. Jina nitawapa la nini? Daktari anahamishwa, anaenda masomoni, anapanda cheo anakaa ofisini, wewe unabaki na mwili wako. Mimi nataka tuongelee namna ya kumtambua ukishakaa mbele yake.

Kisa changu kwa ufupi. Mwaka jana, masika yakiisha, nilianza homa ya jioni. Asubuhi mzima kabisa: nakamua, naandaa watoto, nawahi kazini. Ikifika saa kumi na moja mwili unachemka, viungo vinauma, zaidi kiuno na nyonga ya kushoto. Usiku ni jasho la kubadili shuka. Inakaa siku kadhaa, inapotea, nasema afadhali nimepona, inarudi.

Pa kwanza nikaambiwa malaria, na kidole hakikutobolewa. Nikapewa mseto. Kwingine taifodi, tena "imepanda sana", nikachomwa sindano kwenye kanula. Kwingine UTI. Kwingine vidonda vya tumbo, kwa sababu nilisema sina hamu ya kula. Kila sehemu nilitoka na mfuko wa dawa, na kwa bahati mbaya kila mara homa ilikuwa imefika zamu yake ya kupotea, kwa hiyo nilikuwa naamini nimetibiwa.

Kukosea sikuwalaumu sana. Kilichoniuma ni siku majibu yote yaliporudi "hakuna kitu". Daktari akafunga faili, akaniangalia kwa huruma, akaniuliza, "Mama, nyumbani kuna amani? Baba yupo?" Nikamwambia yupo, kakaa hapo nje. Akasema, "Basi una mawazo. Kina mama wa umri wako tunawaona wengi." Akaniandikia vidonge vya usingizi. Nilipotoka mume wangu akainuka kwenye benchi, "Wamesemaje?" Nikamwambia wamesema ugonjwa ni wewe.

Aliyenipatia ni daktari wa kike, bingwa si bingwa, na foleni yake ilikuwa ndefu kama za wengine. Aliweka kalamu chini. Akasema, "Nianzie siku ya mwisho uliyokuwa mzima." Nikaongea mpaka mwisho, hakunikatisha. Halafu akanipandisha kitandani. Akanigonga uti wa mgongo kwa ngumi, taratibu, mfupa baada ya mfupa. Akapapasa bandama chini ya mbavu. Akakunja mguu wa kushoto akausukuma nje kidogo, nikapiga kelele mpaka nesi akachungulia. Hapo ndipo akauliza, "Nyumbani mnafuga?"

Ng'ombe wawili, wa ndani.

"Kuna aliyetupa mimba karibuni?"

Mtamba mmoja, mwezi wa tatu.

"Kondo alitoa nani?"

Nikamwonyesha mikono yangu.

Akaandika kipimo cha brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo. Lakini sikilizeni alichoongeza, maana ndicho kilichonifanya nilete uzi huu: "Inaweza isiwe hii. Majibu yakija safi usikae nyumbani, rudi kwangu, tutatafuta TB ya mifupa." Ilikuwa brusela. Dawa za aina mbili kwa pamoja, wiki 6 bila kuruka. Jasho lilikata mapema, kiuno kikachukua muda.

Kwa hiyo mimi naangalia mambo mawili. Je, anauliza unaishi vipi: kazi yako, wanyama wako, maji yako, umetoka safari wapi? Na je, anakwambia atafanya nini ikiwa amekosea? Upole peke yake siuhesabu. Yule wa vidonge vya usingizi alikuwa mpole kuliko wote.

Leteni uzoefu. Ila waliowakosea msitaje hospitali wala majina, uzi utafungwa.

#2 Mangi wa Majengo

Mama Mtamba pole sana. Mimi niliwahi kwenda na jino, nikatoka na UTI.

#3 Sista Mstaafu (Rau)

Mwanangu Mama Mtamba, pole na hongera kwa kupona. Nimekaa wodini na kwenye chumba cha sindano miaka mingi, nitasema ya upande wa ndani.

Wagonjwa wengi wanaojieleza vibaya hawajui kuwa wanajieleza vibaya. Anaingia, anasema, "Daktari nina taifodi imenirudia." Umeshampa daktari mwenye haraka njia ya mkato, ataandika Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, itasoma chochote, mtaachana. Usitaje ugonjwa. Taja mwili: joto linapanda saa ngapi, linashuka lenyewe au mpaka umeze panadol, maumivu yanakuamsha usiku au hayakuamshi, umepungua kilo? Nguo inasema. Kama huna mizani mwambie, "Sketi hii ilikuwa inanibana."

Nunua kipimajoto, si ghali, kipo duka lolote la dawa. Andika kwenye daftari la mtoto: tarehe, saa, nyuzi. Nimeona daktari aliyekuwa ameshaanza kuandika dawa akasimama baada ya kuona karatasi ya namna hiyo, kwa sababu homa ya kila jioni ikiwa imeandikwa haibishaniki. Ukisema kwa mdomo "nachemkaga chemkaga", haina nguvu.

Na majibu ya zamani usiyatupe. Watu wanaficha cheti cha hospitali nyingine wakidhani daktari mpya atakasirika. Atakasirika nini? Unamwokoa asirudie kipimo kile kile kwa hela yako.

Dawa za kienyeji pia sema. Hakuna atakayekufukuza. Zipo zinazogusa ini na figo, na majibu ya damu yakivurugika daktari atahangaika bure.

#4 Tabibu wa Kata

Nimesoma nikajiona humu, na si upande wa yule dada wa kalamu chini.

Mimi ni tabibu kituo cha afya, mkoa wa Kilimanjaro. Naomba niwaambie bila kujitetea sana. Asubuhi ya Jumatatu ukifungua mlango unakuta benchi limejaa hadi kwenye ngazi. Kuna mtoto anadegedeka, kuna mama mjamzito presha imepanda, kuna mtu wa ajali ya boda. Katikati yao yupo mwenye homa ya jioni anayetembea mwenyewe. Ukimpa dakika ishirini, wa nyuma wanaanza kugonga mlango.

Lakini niseme ukweli ambao wenzangu hawaupendi. Kuna utafiti ulifanyika hapa hapa Moshi, hospitali za KCMC na Mawenzi, wagonjwa waliolazwa kwa homa kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, ukachapishwa 2013. Walikuwa 870. Walioandikiwa malaria na madaktari ni 528. Waliokuwa na malaria kweli ni 14. Someni tena hizo namba. Magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, yaani brusela, homa ya Q, lepto na homa za kupe, yalikutwa kwa zaidi ya robo ya waliopimwa magonjwa hayo, na karibu hakuna aliyekuwa ameyafikiria. Tangu hapo vipimo vya haraka vya malaria vimeenea, na mwongozo unataka upime kwanza ndipo utoe mseto. Anayekupa mseto bila kipimo mwulize. Kilimanjaro, Arusha na Manyara maambukizi ya malaria yako chini ya asilimia 1 kwenye tafiti za kitaifa, kwa hiyo hata kubahatisha, bahati yenyewe haiko upande wa malaria.

Widal: kipimo kimoja hakitoshi kusema mtu ana taifodi. Kinaweza kusoma kwa sababu uliwahi kuugua zamani, au kwa maambukizi mengine kabisa. Njia ya uhakika ni kuotesha damu, inachukua siku, inagharimu, na haiko kila mahali. Ndiyo maana Widal inaendelea kutawala. UTI nayo: mama akipewa kikopo bila kuelekezwa achukue mkojo wa katikati baada ya kujisafisha, usaha kidogo utaonekana tu, na UTI imezaliwa.

Kitu kingine, na hapa wagonjwa mnishike mnipige. Nikimwambia mtu "sijaona sababu ya kukupa antibayotiki leo, rudi baada ya siku tatu tuangalie", anatoka ananung'unika kuwa sijamtibu. Anavuka barabara kwenye duka la dawa muhimu, ananunua anayoitaka. Anayemfurahisha ni yule anayempa mfuko mkubwa.

#5 Mama Mtamba

Nanukuu Tabibu wa Kata: "rudi baada ya siku tatu tuangalie".

Mdogo wangu, hilo siliiti kutotibu. Kama yule wa kwanza angeniambia "malaria haipo, sijajua ni nini, rudi jioni ukiwa unachemka nikuone", ningembusu mikono. Hakuna aliyeniambia "sijajua". Kila mmoja alikuwa na jina la ugonjwa tayari kabla sijakaa.

Na hilo la foleni nakubali, lakini dada niliyemsifia alikuwa na foleni hiyo hiyo. Hakunipa dakika ishirini. Nadhani hazikufika kumi. Alizitumia kwangu tu, simu ilikuwa inaita kwenye droo hakuigusa.

#6 Njiro Boy (Arusha)

Wakuu mnaongelea za serikali. Mimi nikaona isiwe tabu, nikaenda ya kulipia, kiyoyozi, kahawa, dokta ananiita kwa jina na kunisindikiza mlangoni. Kizunguzungu na mapigo ya moyo kwenda mbio. Nikapigwa vipimo mpaka nikaona huyu ananijali kuliko mama yangu. Majibu: "Mafuta kwenye damu kidogo, punguza nyama choma." Nimetoka na vidonge vya moyo, vya presha, vitamini na kitu cha kusafisha ini.

Mwezi uliofuata mjomba wangu, yeye ni daktari Dodoma, kaja msibani. Tumekaa chini ya turubai kanishika mkono, kasema mbona unatetemeka na una jasho la baridi, na macho yako yamekuwa hivi lini? Akaniambia nenda kapime homoni za tezi ya shingo. Ndiyo iliyokuwa shida. Tezi. Kipimo kimoja cha damu ambacho hakikuwemo kwenye ile orodha ndefu.

Sasa nikikumbuka, yule dokta wa kiyoyozi hakunishika hata mara moja. Presha alipima nesi. Tabasamu lote lile na mkono wangu hajaushika.

#7 Boda Kijenge

Njiro Boy we una hela, umesindikizwa mlangoni. Mimi nikiingia na koti la boda na kofia mkononi, dokta haangalii usoni. "Unaumwa nini. Haya. Kapime." Nikienda na dada yangu, ni mwalimu, anaongea vizuri na amebeba pochi, ghafla naitwa "kaka". Ugonjwa ule ule.

Ushauri wangu kwa wasio na pochi: nenda na mtu. Si lazima msomi. Mtu anayekujua, atakayesema "huyu si hivi, huyu halalagi mchana, ukiona kalala ujue". Daktari akisikia kwa mtu wa pili anaamini zaidi. Sijui kwa nini iko hivyo ila iko hivyo.

#8 Sista Mstaafu

Boda umesema jambo kubwa. Iko hivyo kwa sababu wanaume mnapunguza na kina mama wanaambiwa wanaongeza. Mwanaume anasema "kifua kinabana kidogo tu" huku anakufa. Mtu wa pili anaweka mizani sawa.

#9 Binti Sakina (Arusha)

Naomba nichangie la kina dada, kaka zangu mkipenda mruke.

Tangu nikiwa sekondari hedhi yangu ni ya kulala chini. Si tumbo la kawaida. Natapika, nazimia, choo kikija siku hizo nalia. Shule walisema natega. Hospitali niliyopelekwa na mama wakasema "ni kawaida, utapona ukizaa". Mama akaniangalia, mimi nina miaka kumi na sita, nizae na nani?

Nimeendelea hivyo mpaka kazini. Altrasaundi safi, kila mara safi, na kila aliyeona ile karatasi alinirudishia kama ushahidi kuwa nadanganya. Mpaka nilipokutana na daktari wa kina mama, mzee kidogo, akasoma karatasi akaiweka pembeni, akasema altrasaundi ya kawaida inaweza kuwa safi kabisa na mtu akawa na endometriosi. Akanieleza kuwa ni tishu inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba, inaota nje yake, inavimba na kuvuja kila mwezi na haina pa kutokea. Tuseme mwanamke mmoja kati ya kumi hivi wa umri wa kuzaa anayo duniani, na wengi wanakaa miaka bila kujulikana. Uhakika wa mwisho mara nyingi ni kuingiza kamera tumboni, lakini alisema tunaweza kuanza dawa bila kusubiri upasuaji, tuone.

Alichonisaidia zaidi ni swali. Hakuuliza "maumivu ni makali kiasi gani", aliuliza "yanakuzuia kufanya nini?" Nikamtajia mitihani niliyokosa, kazi niliyoachishwa, harusi ya kaka yangu niliyoisikilizia kwenye gari. Akaandika vyote. Vyote! Nimeona kwa macho yangu ameandika "harusi".

#10 Dawa Asili Kanda

Ndugu zangu msihangaike, nina dawa ya mizizi inatibu endometriosi, tezi, brusela, sukari, presha na nguvu za kiume. Siku 7 tu. Njoo PM.

#11 Mangi wa Majengo

Hata hujatuuliza kama tunafuga. Hama uzi.

#12 Kijana wa Kibosho

Mimi naleta la mzee wangu, na naandika kwa hasira kidogo.

Mzee alianza kusema chakula kinakwama hapa, anaonyesha kifuani. Mwanzoni ndizi nyama, baadaye hata kiburu. Alikuwa anasukumia na maji. Zahanati: vidonda vya tumbo, dawa za kupunguza asidi. Anarudi: vidonda vya tumbo, dawa kali zaidi. Mtori ukawa ndio chakula chake, suruali anaifunga kwa kamba. Kila daktari aliangalia cheti cha aliyetangulia, akaona "vidonda", akaendelea pale pale.

Mtu aliyeshtuka alikuwa intani, daktari aliye kwenye mafunzo ya vitendo. Kijana mdogo, ana begi la mgongoni. Alisoma cheti chote tangu mwanzo akauliza, "Babu, kuna aliyewahi kukupiga kamera ya kooni?" Hakuna. Akatoka kwenda kumwita mkubwa wake. Rufaa ikaandikwa siku ile ile. Kamera ikaonyesha uvimbe kwenye koo la chakula, saratani. Mzee yuko kwenye matibabu, siwezi kusema zaidi, tunamwomba Mungu.

Kwa hiyo mnaodharau intani acheni. Wakubwa wamechoka, wale bado wanasoma karatasi.

#13 Tabibu wa Kata

Kijana wa Kibosho, pole sana kwa mzee. Hili nalisema kwa herufi nene nikiweza: chakula kukwama, kupungua uzito bila sababu, kutapika damu, choo cheusi kinachong'aa, upungufu wa damu kwa mtu mzima. Mwenye hata moja ya hizo asikubali jina la "vidonda" bila kamera. Hii kanda yetu na ukanda wote wa Afrika Mashariki saratani ya koo la chakula tunaiona sana.

Na ulichosema cha cheti ni ugonjwa wetu sisi. Jina likishaandikwa kwenye cheti linatembea nacho, kila anayefuata analinakili. Ukiona hivyo, mgonjwa ana haki ya kusema, "Daktari, naomba tuanze upya kama vile hujaona hiki cheti." Mimi nikiambiwa hivyo sikasiriki. Nashtuka, lakini kushtuka ndiko kunakotakiwa.

Kuna swali jingine ambalo wagonjwa wachache sana huuliza na linatufanya tufikiri: "Kama si hiki, kinaweza kuwa nini kingine?" Halina matusi, halina ubishi. Lazima ujibu, na huwezi kujibu bila kufikiri.

Nikumbushe pia kuwa hili la kukatizwa si la Tanzania tu. Marekani mwaka 1984 walirekodi maongezi ya wagonjwa na madaktari, wakakuta kwa wastani mgonjwa anakatizwa baada ya sekunde 18. Na wale hawakuwa na benchi hadi kwenye ngazi.

#14 Daktari wa Mifugo (Hai)

Nimechelewa, nilikuwa mnadani Weruweru. Mama Mtamba, yule ng'ombe yuko wapi? Swali la kitaalamu siyo la kukusumbua. Aliyetupa mimba kwa brusela anaweza kuendelea kutoa vimelea kwenye maziwa hata akionekana mzima. Apimwe, na mwenzake apimwe. Mitamba ina chanjo, ongea na ofisi ya mifugo ya kata yako. Kondo na ndama aliyetupwa: glavu, chimba, fukia, mbwa wasifike. Na nyumba nzima waliokunywa maziwa mabichi na kula mtindi wa maziwa mabichi wakapimwe. Kugandisha hakuui brusela, kuchemsha kunaua.

Kwa madaktari wa binadamu, mnisamehe wenzangu: nikiitwa nyumba yenye ng'ombe aliyetupa mimba, mara nyingi nakuta na mtu ndani analalamika mgongo. Hatupigiani simu. Tungepigiana mngeokoa Widal nyingi.

#15 Mama Mtamba

Daktari nimekusoma. Mtamba alipimwa, ameondoka bandani. Maziwa tunachemsha, mama mkwe ananuna kuwa mtindi hauna ladha, anune.

#16 Mwana wa Unga Limited

Swali. Kipimo cha brusela nacho kinaaminika? Maana rafiki yangu kila akienda kliniki moja anaambiwa ana brusela, na hana hata kuku. Isije ikawa ndiyo taifodi mpya ya mjini.

#17 Tabibu wa Kata

Swali la msingi sana. Ndiyo, vipimo vingine vya haraka vya brusela navyo vinadanganya, vinasoma ndiyo kwa watu wasio nayo. Ndiyo maana dalili, historia na kipimo vinatakiwa vikubaliane. Mama Mtamba alikuwa na vyote vitatu. Rafiki yako asikimbilie dawa za wiki 6, moja ya dawa zinazotumika ndiyo hiyo hiyo tunayoitegemea kwa TB, hatutaki iliwe ovyo. Akarudie kwenye maabara kubwa, na aulize hilo swali la "kama si hiki".

#18 Boda Kijenge

Na ukidharauliwa kabisa unalalamika wapi? Sisi tunaambiwa "kama hutaki ondoka".

#19 Sista Mstaafu

Mwanangu, anza ndani. Hospitali ya umma ina namba za malalamiko ubaoni mapokezi, na afisa ustawi wa jamii yupo. Juu yake Mganga Mfawidhi. Ukishindwa hapo nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Kama ni uzembe wa kitaaluma wa daktari, Baraza la Madaktari Tanganyika linapokea malalamiko kwa maandishi. Andika tarehe, saa, chumba, alichosema. Usiandike matusi, matusi yanampa yeye pa kutokea.

Ila kwa uzoefu wangu, kwa asiyesikiliza tu na hajakuumiza, njia ya haraka ni kurudi dirishani na kuomba daktari mwingine. Sema kwa adabu, "Naomba nimwone mwingine, sijaelewana na huyu." Wanaguna, lakini wanakupangia. Nimewapangia wengi.

#20 Wifi wa Same

Shikamoo Sista. Nimefuatilia uzi wote. Mama mkwe ana homa na mgongo kama wa Mama Mtamba, tunafuga mbuzi, na zahanati wamesharudia mseto. Tunataka kumleta Moshi wiki ijayo. Twende KCMC moja kwa moja?

#21 Sista Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kama ana bima aanzie ngazi ya chini apewe rufaa, hata kama mnajua mnakokwenda. Bila fomu ya rufaa mtagombana na dirisha la bima mchana kutwa. Utaratibu wa bima unabadilika, pigeni simu kwanza muulize. Kama ni fedha taslimu mnaweza kuja wenyewe, lakini barua ya zahanati bado inasaidia, mwambieni tabibu aandike "homa inayojirudia, anafuga, ametumia mseto bila nafuu". Mstari huo mmoja.

Mje naye mtu anayelala naye chumba kimoja, ndiye anayejua jasho la usiku. Vidonge vyote alivyomeza muweke kwenye mfuko, hata maganda. Mwambieni asinywe antibayotiki yoyote ya dukani kabla ya damu kuchukuliwa. Na akianza kukosa nguvu miguuni au kushindwa kuzuia mkojo msisubiri wiki ijayo, mleteni usiku huo huo.

Jumatatu epukeni. Njooni Jumatano, mfike kabla ya saa moja.